Baba Anataka Kutupeleka Porini

Mwezi huu ukurasa wetu unatoka nje ya nyumba kidogo, na unatoka kwa sababu ya barua. Mama mmoja wa Moshi ametuandikia kwamba mume wake amenunua gari kuukuu la dizeli, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, na tangu siku lilipoingia uani hakuna habari nyingine mezani. Sasa baba huyo ameamua kwamba Pasaka ijayo familia nzima itakwenda Ziwa Natron, kwa njia ya vumbi na mchanga, gari lao peke yake. Wana watoto watatu, na wa mwisho ana miezi tisa. Mama anaogopa. Anauliza kama mke Mkristo anaweza kumpinga mumewe katika jambo ambalo si dhambi, na ambalo mwenyewe amelipanga kwa furaha ya watoto wake.

Tumeisoma barua hii zaidi ya mara moja, maana sisi nasi tumewahi kuwa pale alipo mama huyu. Sisi wawili tunaoandika ukurasa huu ni majirani, na waume zetu walishikwa na homa hiyohiyo ya magari ya porini. Kwa hiyo hatutajibu kwa mambo ya kusikia. Tutaeleza kwanza yaliyotupata, ingawa mengine tunaona haya kuyaandika.

Ilikuwa Aprili 2018, siku chache baada ya Pasaka. Tulikuwa na magari mawili, watu wazima wanne na watoto watano. Tulikubaliana kuondoka Arusha saa kumi na mbili asubuhi. Tuliondoka saa nne, na sababu ilikuwa sisi akina mama: kuku wa kukaanga alikuwa hajaiva, halafu mtoto mmoja akapoteza kiatu. Msidhani tunawasema waume zetu peke yao. Hadi Mto wa Mbu ni lami tupu, kama kilomita 120, na hapo tulipoteza muda tena sokoni tukinunua ndizi nyekundu. Tulipofika Engaruka ilikuwa saa kumi jioni.

Ukielekea kaskazini kutoka Engaruka, nyanda za juu za Ngorongoro ziko mkono wa kushoto. Siku ile zilikuwa zimefunikwa na wingu jeusi. Juu yetu sisi jua lilikuwa linawaka na hakukuwa na tone la mvua. Mmoja wetu aliliona wingu lile, akakumbuka baba yake mzazi alivyokuwa akisema kuhusu mito ya mchanga, akanyamaza. Baba Watoto alikuwa anaimba kwenye usukani. Tangu mwaka uliopita hakuwa ameimba hivyo, na mkewe hakutaka kumkatiza.

Mbele kidogo tulifika kwenye korongo pana lenye mchanga mkavu. Gari la kwanza lilipita. La pili lilizama katikati, magurudumu ya nyuma yakafukia hadi kwenye ekseli. Wanaume wakatoa chepe, wakaanza kuchimba. Walikuwa wamechimba labda dakika kumi na tano tuliposikia mlio, kama lori linalokuja kwa mbali. Halikuwa lori. Tuliwatoa watoto kwenye gari wawili wawili tukawapeleka kwenye ukingo wa nyuma, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Maji yalikuja ya rangi ya udongo, yamebeba matawi na magogo, na kwa muda mfupi yalikuwa yamefika kwenye viti vya gari. Mchanga uleule uliotunasa ndio ulioshika gari lisichukuliwe.

Hapo tukajikuta tumegawanyika. Mmoja wetu alikuwa ng'ambo hii na watoto watatu, mwingine ng'ambo ile na wawili. Na kati ya wale watatu wa ng'ambo hii, mmoja ana pumu. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa ndani ya begi, begi lilikuwa juu ya keria, chini ya turubai, na keria ilikuwa ya gari lililokwisha kuvuka.

Usiku ule hatutausahau. Mtoto alianza kubanwa saa mbili. Vijana wa Kimaasai waliokuwa wakirudisha mifugo walituona, wakawasha moto, wakatuletea maziwa, na mzee mmoja akatuambia maji yatapungua kabla ya alfajiri. Mama alimkalisha mtoto wima mapajani mwake, akamlegeza nguo, akawa anahesabu pumzi zake huku akiomba. Ng'ambo ya pili mwenzake alishika begi la dawa mkononi, akisimama ukingoni na tochi, hana la kufanya. Saa kumi alfajiri maji yalishuka chini ya magoti na kutulia, baba yake akavuka kwa miguu na ile dawa. Tunamshukuru Mungu, mtoto huyo leo ni kijana mrefu kuliko sisi. Gari lilivutwa hadi Mto wa Mbu, na fundi alipomaliza kutoa maji na matope kwenye injini, ile ada ya muhula wa pili ilikuwa imekwisha.

Sasa mama wa Moshi ataelewa kwa nini tunajibu swali lake namna hii. Kumpinga mume ni jambo moja, kumwambia unachokiona ni jambo jingine kabisa. Mke aliyenyamaza pale Engaruka alidhani anamheshimu mumewe. Baadaye mume mwenyewe alimwuliza, kwa uchungu, kwa nini hukusema? Hakuwa na jibu. Tangu siku hiyo nyumba zetu mbili zina patano moja, na tulilifanya tukiwa nyumbani, tumetulia, si barabarani: yeyote kati ya watu wazima akisema "turudi" au "tungoje," gari linasimama, na hakuna kubishana hapo wala kulaumiana baadaye. Waume zetu walikubali upesi kuliko tulivyotarajia. Mmoja alikiri kwamba siku ile naye aliliona lile wingu, lakini aliona aibu kurudi nyuma mbele ya mwenzake.

Kwa hiyo, mama mpendwa, usikatae safari. Keti na Baba, jioni watoto wamelala, na kalenda mezani. Bwana wetu katika Luka sura ya 14 alimtolea mfano mtu anayetaka kujenga mnara, ya kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama, na mfano huo ni wa wanaume na wanawake pia. Yafuatayo ndiyo ambayo sisi tungeyaweka mezani.

La kwanza ni mwezi. Pasaka huangukia Machi au Aprili, na kwetu kaskazini huo ni wakati wa masika. Njia ya kutoka Mto wa Mbu hadi kijiji cha Engare Sero, karibu na ziwa, ni kama kilomita 120 nyingine, na inakatiza makorongo mengi yanayoshuka kutoka milimani. Barabara hutengenezwa na kuharibika, basi uliza hali yake ukifika Mto wa Mbu, lakini makorongo hayahami. Mvua inaweza kunyesha juu usiione, na maji yakakukuta chini juani. Likizo ya shule ya mwezi wa Juni ni bora zaidi: mvua imekwisha, joto limepungua kidogo, na ardhi ni kavu. Tena kwa Pasaka kuna ibada. Sisi tusingependa watoto wetu waikumbuke Pasaka kama siku ya kufungua nati za tairi. Na hata Juni, kama Jumapili itawakuta njiani, Mto wa Mbu kuna makanisa ya kutosha. Ingieni mlivyo, na vumbi lenu.

La pili, na hili tungelishikilia hata kama Baba atanuna: gari moja haliendi. Tafuteni familia ya pili yenye gari la namna hiyo, na ikiwa haipo, ngojeni hadi ipatikane. Gari moja likinasa au likivunjika springi huko, mnabaki mkiangalia upeo wa macho, na simu kwa sehemu kubwa ya njia hiyo haishiki au hushika na kukatika. Kabla ya kuondoka, mwachieni ndugu au jirani karatasi yenye njia mtakayopita, namba za magari, na siku na saa mtakayopiga simu. Mwambieni pia afanye nini asipopata simu hiyo. Sisi mwaka ule hatukumwachia mtu yeyote kitu.

Kuhusu gari lenyewe hatutajifanya mafundi, lakini kuna mambo ambayo mama anaweza kuyauliza. Tairi za akiba ni ngapi? Mawe ya volkano ya njia ile yana makali, na tairi moja ya akiba haitoshi, chukueni mbili. Je, kuna pampu ya upepo? Penye mchanga laini dereva hupunguza upepo wa tairi ili likanyage kwa upana, tairi la kawaida ya 35 likashushwa hadi 20 hivi, na akishapita lazima alijaze tena, la sivyo tairi litaharibika kwenye mawe na gari litayumba. Asiye na pampu asitoe upepo. Jeki iko, na ubao mpana wa kuiweka juu yake usizame mchangani? Chepe? Mkanda wa feni wa akiba, bomba la rejeta, mafuta ya breki, oili, fyuzi? Chujio la hewa limesafishwa? Vumbi la kule ni laini kama unga na huingia popote. Na je, Baba amewahi kuitumia ile gia nzito ya nguvu, au ataijaribu kwa mara ya kwanza akiwa katikati ya korongo? Mwombe ajizoeze kwanza Jumamosi moja kwenye mto mkavu ulio karibu na nyumbani. Watoto watafurahi, naye atagundua mwenyewe kipi kimelegea.

Mafuta yajazwe Mto wa Mbu, na mpige hesabu ya kwenda na kurudi mkiongeza theluthi moja. Gari letu linalotumia lita 12 kwa kilomita 100 za lami hutumia karibu 18 kwenye mchanga na mawe. Madumu ya mafuta yafungwe nje, nyuma ya gari, na petroli isiwekwe kabisa ndani walimo watoto, kwa maana mvuke wake unaumiza na unashika moto. Wala vitu vizito visipandishwe juu ya keria. Magunia na madumu ya maji juu ya paa hulifanya gari kuwa zito kichwani, na kwenye mteremko wa kando likapinduka. Vizito vikae chini, katikati, vifungwe kwa kamba. Tumewahi kuona sufuria ya kupikia ikiruka kutoka nyuma hadi kwenye kioo cha mbele.

Juu ya keria weka magodoro, hema na nguo. Dawa kamwe! Dawa za familia zikae kwenye mfuko mdogo ambao mama anaufikia akiwa amefunga mkanda, na kama kuna mgonjwa wa pumu, kifafa, kisukari au selimundu, dawa zake ziwe katika sehemu mbili, moja kila gari. Katika mfuko huo tunaweka dawa ya kushusha homa kwa kipimo cha watoto, bandeji, dawa ya vidonda, na pakiti za chumvichumvi za kunywa mtu anapoharisha. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa na si kichungu. Pimeni kwa uangalifu, chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Vyandarua msivisahau. Jina lenyewe la Mto wa Mbu linatosha kuwaonya.

Maji ya kunywa sisi tunahesabu lita tano kwa mtu kwa siku, mkubwa au mtoto, halafu tunaongeza ya siku mbili za kuchelewa. Bonde lile liko chini, kama mita 600 tu kutoka usawa wa bahari, na joto la mchana linaweza kufika nyuzi 40. Maji ya ziwa hayanywewi. Yamejaa magadi, yanachoma macho na mikwaruzo, kwa hiyo watoto wasiachiwe wayachezee.

Hapa tunafika kwa yule mtoto wa miezi tisa. Mama, tungekuwa wewe, huyu angebaki kwa bibi, kama ameanza kula na bibi anamzoea. Kama bado ananyonya na huwezi kumwacha, basi safari ingoje mwaka mmoja, au nendeni wote hadi Mto wa Mbu tu, mlale hapo, Baba na rafiki yake waende Engaruka na kurudi siku hiyohiyo. Mtoto mdogo hawezi kusema kwamba anaungua kwa joto. Tena barabara ile inatikisa kwa muda wa saa nne hadi sita mfululizo, na shingo yake bado ni changa. Hili si woga. Kama ni lazima aende, awe kwenye kiti chake cha gari kilichofungwa. Mapajani mwa mama si mahali salama gari linaporuka. Wale wakubwa wafunge mikanda wakati wote. Msiwaache wasimame wakitoa vichwa juu ya paa eti kwa sababu hakuna polisi.

Kwenye makorongo sasa. Gari la kwanza lisimame kabla ya kushuka. Mtu mzima ashuke, atembee hadi ng'ambo akikanyaga palepale magurudumu yatakapopita, aone kama mchanga umeshikamana. Kisha gari moja livuke hadi juu kabisa ndipo la pili literemke. Watoto wavuke kwa miguu, wakiwa wameshikwa mikono, pakiwa pakavu. Kama maji yanatembea, ngojeni. Maji ya magotini yaendayo kasi yanaangusha mtu mzima, na yakifika futi mbili yanaweza kubeba gari. Makorongo ya kule hujaa upesi na kukauka upesi, mara nyingi ni suala la saa chache. Pikeni chai. Na kamwe msipige kambi ndani ya korongo, hata kama kuna kivuli kizuri na mchanga safi kama wa pwani.

Gari likinasa na kuvutwa kwa kamba au mnyororo, akina mama tuna kazi moja kubwa, nayo ni kuwaondoa watoto. Kamba iliyokazwa ikikatika, au kulabu ikichomoka, inaruka kwa nguvu ya kuua mtu. Wote wasimame mbali, zaidi ya urefu wa kamba hiyo, tena pembeni, si mbele wala nyuma yake. Tupeni blanketi zito katikati ya kamba, litapunguza mrusho wake. Wanaume wakivuta gari hupenda kuzungukwa na watazamaji. Wakatalieni.

Usiku gari lisitembee. Mkiona saa kumi jioni imefika na bado mko mbali, rudini kwenye kijiji cha nyuma mkaombe mahali pa kulala.

Sasa msije mkadhani tunawatisha ili mkae nyumbani. Tumerudi Natron mara mbili tangu mwaka ule, zote mwezi wa Juni, na tungekwenda tena kesho. Asubuhi mlima Ol Doinyo Lengai unasimama mbele yako peke yake, mchongoma wenye urefu wa mita 2,962, mweupe mabegani kama uliomwagiwa chokaa. Maana ya jina lake ni Mlima wa Mungu, na ndugu zetu Wakristo wa Kimaasai humwita Mungu katika sala zao kwa jina hilohilo, Engai. Ulilipuka mwaka 2007 na kuendelea hadi 2008. Lava yake ni ya ajabu, hutoka nyeusi na nyepesi kama mafuta machafu ya gari, kisha ikipata unyevu inageuka nyeupe. Waume zetu walitaka kuupanda. Watu huanza kupanda usiku wa manane ili kukwepa jua, na si kwa watoto. Sisi tulilala.

Kwa watoto, nendeni na kiongozi wa kijijini kwenye maporomoko ya mto Engare Sero. Njia inapita ndani ya genge, mara kadhaa mnaingia mtoni kwa miguu, na mwisho mnaoga maji baridi matamu baada ya vumbi la siku mbili. Hiyo ndiyo sehemu ambayo wanetu huisimulia, si magari. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, mtawaona kwa maelfu pembezoni mwa ziwa. Karibu robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa katika ziwa hili, kwa sababu magadi huwazuia wanyama wanaokula mayai yao wasifike kwenye viota. Waangalieni kwa mbali, kwa miguu. Msithubutu kuendesha gari hadi ufukweni. Ukoko wa magadi unaonekana mgumu kama saruji, lakini chini yake ni tope, na gari likitumbukia hapo hata gari la pili halitawasaidia, kwa kuwa nalo litazama.

Kuna kitu kingine ambacho tungetaka kila mama akione. Karibu na kijiji hicho kuna nyayo za watu zaidi ya 400, zimegandamana kwenye matope ya majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba. Wataalamu wanakadiria umri wake kuwa kati ya miaka 5,700 na 19,000 hivi. Mwaka 2020 walitangaza kwamba kundi moja la watu 17 lilikuwa likitembea pamoja kuelekea upande mmoja, na wakipima ukubwa wa nyayo wanaona kwamba 14 kati yao yaelekea walikuwa wanawake wazima, pamoja na wanaume wawili na kijana mmoja. Wanakisia walikuwa wametoka kutafuta chakula, kama wafanyavyo hadi leo wanawake wa Kihadzabe. Tulisimama pale muda mrefu kuliko waume zetu walivyopenda. Mmoja wetu aliweka mguu wake kando ya unyayo mmoja, bila kuukanyaga, akaona unalingana na wake.

Kuhusu watu wa kule, ile ni nyumba yao. Pitieni njia zilizopo tayari, msifungue njia mpya kwenye nyasi kwa ajili ya mchezo, maana ni malisho ya ng'ombe na alama za tairi hukaa miaka. Mifugo ikiwa kisimani, gari lingoje. Msimpige mtu picha bila kumwomba. Akina mama wa Kimaasai watawajia na shanga. Nunueni mnachotaka kwa bei mliyopatana, na msiwapungie mkono kama mnafukuza kuku. Ni wake na mama kama sisi, na mmoja wa wale walioleta maziwa usiku ule alikuwa mwanamke.

Fedha tumeiacha hadi hapa, lakini nyumbani msiiache hadi mwisho. Andikeni: mafuta ya magari, chakula, mahali pa kulala au kupiga hema, kiongozi, na ushuru wa vizuizi vya njiani ambavyo ni zaidi ya kimoja. Viwango hubadilika, ulizeni Mto wa Mbu na mdai risiti kila mahali. Kisha ongezeni fungu la kuharibikiwa, ambalo mkirudi salama linarudishwa benki. Fungu hilo lisitoke kwenye ada ya shule. Kama haliwezi kupatikana bila kugusa ada, jibu limeshapatikana, na Baba mwenyewe akiona hesabu hiyo kwa macho yake atasema "mwakani" bila wewe kufungua kinywa. Kwetu ilikuwa hivyo mwaka 2019. Alinuna siku mbili.

Mkirudi, gari lioshwe siku hiyohiyo, hasa chini: fremu, ringi, breki na springi, kwa maji mengi matamu. Magadi yakikaa wiki moja yanaanza kula chuma. Kazi hiyo waachieni wanaume na watoto. Mama aende akalale.

Barua za wengine waliouliza kuhusu vyakula vya safari visivyoharibika kwa joto tumezipokea, nazo tutazijibu toleo lijalo, pamoja na namna ya kuoka mkate juu ya mkaa.